Majira, Hali ya Hewa na Afya ya Akili: Majibu kwa Wasomaji

Nimetoka Tanga kusoma Stockholm. Kuanzia Novemba nalala kupita kiasi, nakula wanga bila kipimo na sitaki kuonana na watu. Nyumbani wanasema nimekuwa mvivu.

Si uvivu hata kidogo, na inanisikitisha kwamba umebebeshwa lawama hiyo juu ya mzigo ulio nao. Hali unayoieleza inafanana sana na sonona ya majira, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaorudi kila msimu fulani wa mwaka, ambao daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake waliueleza kitabibu nchini Marekani mwaka 1984. Tanga urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima, ilhali Stockholm mwezi Desemba hupata takriban saa 6 tu za mchana, nayo saa ya ndani ya mwili, inayotegemea mwanga wa asubuhi, huweza kuchelewa. Toka nje kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, kwa kuwa mwanga wa nje huuzidi sana ule wa chumbani. Ipo pia taa maalumu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), ambayo mtu hukaa mbele yake kwa nusu saa bila kuikodolea macho. Lakini mwone daktari kwanza, hasa ikiwa una maradhi ya macho au umewahi kupatwa na vipindi vya msisimko uliopita kiasi, maana mwanga huo unaweza kuviamsha.

Je, baridi ya Julai hapa Nairobi huleta ugonjwa huo huo?

Kwa kadiri ninavyoona, hapana. Nairobi mchana mrefu na mfupi hutofautiana kwa takriban dakika 10. Mawingu humnyong'onyeza mtu, lakini huzuni inayodumu zaidi ya majuma 2 usiisingizie Julai. Ipeleke kwa daktari.

Mume wangu anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na joto la Dar es Salaam mwezi Februari ni kali. Nihofu?

Uwe macho. Mtu akitokwa na jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, kiwango cha lithiamu katika damu huweza kupanda hadi kuwa sumu. Akianza kutetemeka kuliko kawaida, kutapika, kuhara, kuyumba au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Asitumie dawa ya maumivu ya ibuprofeni wala kupunguza chumvi ghafla bila kumwuliza daktari, na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tangu maporomoko ya Desemba 2023 hapa Katesh, mwanangu wa miaka 9 akisikia mvua hujificha mvunguni.

Mama, mwanao aliona matope ya Mlima Hanang yakishuka, na mwili wake umejifunza kwamba mvua ni hatari. Asichekwe, wala asivutwe kwa nguvu. Kaa naye pale pale alipo, mweleze kwa sauti ya utulivu kinachotokea nje, na siku ya jua mwonyeshe njia mtakayopita iwapo maji yatakuja, kwa sababu mtoto anayejua pa kukimbilia hupungukiwa na hofu. Kwa kuwa hali hii imedumu, mpeleke hospitali ya wilaya na uombe huduma ya ushauri nasaha. Nawe ulikuwapo siku ile. Mkifika huko, omba usikilizwe pia.