Niliisingizia prosesa wiki tatu nzima

Kompyuta yangu ya mezani, ninayoitegemea kuhariri video za harusi, ilianza kuleta skrini ya bluu mara mbili tatu kwa siku. Siku nyingine ilizima ghafla na kujiwasha yenyewe, tena sina kazi nzito, nimefungua kivinjari tu. Ndani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD, Ryzen 5 3600. Haikuwahi kunisumbua mpaka juma nilipoamua kuiovakloki, yaani kuilazimisha iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani, viini vyote sita vikimbie kwa 4.2 GHz. Juma hilohilo nikachomeka vijiti viwili vya ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) juu ya viwili vilivyokuwemo. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa: nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo, ugonjwa umeingia, sijui nimshike nani.

Nikamshika prosesa. Kila ikizima naingia BIOS (ile mipangilio ya msingi unayoifungua kabla Windows haijawaka), naongeza volteji kidogo. Joto likafika nyuzi 93, na kikomo cha prosesa hii ni 95. Kuzima kuko palepale.

Kama yamekukuta, kabla ya yote hamishia kazi zako kwenye diski ya nje. Ramu inayokosea haiishii kuzima mashine, inaandika takataka ndani ya mafaili. Mimi nilipoteza sendoff nzima ya mteja, na kumweleza bibi harusi habari za ramu ni mtihani mwingine.

Kisha rudisha BIOS yote kwenye mipangilio ya kiwandani. Ikigoma hata kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwenye mazabodi (bodi kuu), subiri dakika chache, irudishe. Na XMP, ule mpangilio wa BIOS unaoikimbiza ramu kwa kasi iliyoandikwa juu yake, izimwe pia. Wengi hukuapia kwamba hawajagusa kitu, "nimewasha XMP tu". Hiyo nayo ni ovakloki! Ramu iliyoandikwa kasi ya 3200, bila XMP mara nyingi inakimbia 2133 tu.

Itumie hivyo siku kadhaa. Ikiendelea kuzima, ovakloki haina kosa. Kagua pawa saplai, vumbi kwenye feni, au kijiti kibovu. Yangu ilitulia kabisa, nikaanza kurudisha kimoja kimoja. Prosesa kwa 4.2, ramu ikiwa ya kawaida: Prime95, programu ya kuichosha prosesa, ikapita saa nzima bila kosa. Nikairudisha prosesa chini, nikawasha XMP, nikaendesha MemTest86, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi. Raundi ya kwanza haijaisha, makosa yamejaa skrini.

Nikatoa vijiti vipya, vya zamani vikapita. Nikaweka vipya peke yake, navyo vikapita! Kumbe hakuna kijiti kibovu. Shida ni vyote vinne kukaa pamoja kwa kasi ile. AMD wenyewe, kwa prosesa za kizazi hiki, wanataja 3200 kwa vijiti viwili, na kwa vinne vya safu moja (single rank, yaani kila kijiti kina seti moja tu ya chipu) wanashuka hadi 2933. Maelezo hayo yalikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuyasoma.

Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power 41. Usiumize kichwa nayo, inakwambia tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa. Angalia kama kuna WHEA-Logger karibu na saa ileile. Hiyo ndiyo inayotaja hitilafu ya vifaa vyenyewe.

Jingine: jaribu mchana. Ovakloki iliyopita usiku wa Julai dirisha likiwa wazi, Dar ya Februari saa nane mchana inaweza kuigomea. Wala usinakili namba za mtu wa YouTube, prosesa mbili za jina moja hazibebi kasi sawa.

Ramu sasa ipo 2933. Prosesa nimeiacha ijiendeshe, kwa sababu kiini kimoja kikihitajika hufika 4.2 chenyewe, na kwenye kutoa video tofauti niliyoipata ilikuwa ndogo mno kulinganisha na kelele ya feni.