Holta: saa tatu ipi?

Nimepangiwa kuvaa holta, kile kimashine cha kubandikwa kifuani kurekodi moyo, siku nzima. Je, nitulie kitandani nisiiharibu? (Tanga)

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ukilala, holta itarekodi moyo wa mtu aliyelala, na hiyo siyo shida iliyokupeleka hospitali. Kama moyo wako huenda mbio ukipanda ngazi na ndoo ya maji, panda ngazi na ndoo ya maji. Gombana na konda, kama ndiyo kawaida yako. Dawa zako endelea kumeza, isipokuwa daktari wako amekuambia uache.

Kubwa zaidi ni ile karatasi mnayopewa mwandike mlichosikia na saa yake. Wengi huirudisha tupu, au na maneno matatu: "usiku moyo ulishtuka". Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara laki moja kwa siku. Msomaji wa kipimo aanzie wapi kutafuta mshtuko wako? Tena kuna mtego wa kwetu wenyewe. Unaandika "saa 3". Ya asubuhi au ya usiku? Au umeisoma kwenye simu, ambako 03:00 ni saa tisa usiku? Mashine inahesabu saa kama simu, haijui ya Waswahili. Wakati nikiwavalisha watu holta, mama mmoja aliniletea kipande cha mfuko wa unga kilichoandikwa kwa kalamu ya mwanawe: "Saa 9:40 usiku, simu inasema 03:40. Naenda msalani, kifua kinatwanga, nimeshika ukuta." Tukaenda moja kwa moja hadi 03:40. Mapigo yalikuwa yamevurugika dakika ile ile.

Naruhusiwa kuoga nikiwa nayo? (Morogoro)

Oga kabla. Na kifuani usipake mafuta, vibandiko vitabanduka.

Nina saa ya mkononi inayopima moyo, nimeinunua Kariakoo elfu 35. Kwa nini nilipie holta? (Dar es Salaam)

Saa ya aina hiyo niliifunga kwenye ndizi mbivu. Ikanisomea mapigo 74 kwa dakika, ndizi ikiwa na afya njema.

Hata zilizo nzima, nyingi humulika ngozi kwa taa ya kijani na kukisia mapigo kutokana na damu inavyopita. Holta husoma umeme wenyewe wa moyo, mfululizo. Zipo saa za bei kubwa zinazochora umeme huo kwa sekunde 30. Apple Watch iliruhusiwa kufanya hivyo Marekani mwaka 2018, na mchoro wake mwonyeshe daktari. Lakini haikuambii kama una shambulio la moyo. Kifua kikibana, jasho baridi likikutoka, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono, kimbia hospitali. Usisimame kusoma saa.

Nililipia holta, sasa nadaiwa hela ya kusomewa majibu. Nimeibiwa? (Mwanza)

Pengine hukuibiwa, hukuuliza. Kabla ya kulipa uliza: bei hii ni ya kuvalishwa tu, au na kusomewa, na kumwona daktari? Holta ikipotea au kulowa, nani analipa? Mwenye bima aulize kama kipimo kinahitaji kibali, maana kibali cha baada ya kipimo ni ugomvi. Usiyemudu, katika hospitali ya serikali nenda ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kipimo. Anayekupa namba yake binafsi ya simu umtumie hela "ili upite haraka" muache hapo hapo. Hospitali ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo.

Naona aibu kupanda daladala na nyaya kifuani. (Dodoma)

Vaa shati pana. Mmarekani Norman Holter, ambaye kipimo kimechukua jina lake, alianza na mzigo wa mgongoni wa karibu kilo 38.

Majibu ni safi, ila moyo bado unaruka. Nafanya zamu za usiku, nakunywa vinywaji viwili vya kuongeza nguvu. (Arusha)

Siku uliyovaa holta, moyo uliruka? Kama uliruka, ukaandika saa, na mchoro ni safi, hiyo ni habari njema. Kama haukuruka, holta haikuwa na cha kunasa. Muulize daktari juu ya kibandiko kinachokaa hadi siku 14. Wakati unasubiri, hivyo vinywaji viwili ulivyovitaja kwa kupita tu, acha.