Taulo la shangazi na kijiko cha mama mkwe

Mleta mada, hongera. Umesema una wiki 32, mimba ya kwanza, na shangazi yako wa Masasi anataka usugue chuchu kwa taulo kila asubuhi "zikomae". Nakujibu kama mtu aliyesugua.

Nilisugua miezi miwili. Mtoto alipozaliwa chuchu zilichanika vilevile. Siku ya tatu nikawa nauma pindo la kanga kila akishika titi. Ngozi ile haikomai, inachubuka tu. Tena kuchezea chuchu sana kunaweza kuamsha homoni ileile inayobana mfuko wa uzazi. Sabuni nayo acha, inakausha mafuta ya asili ya pale. Maji yanatosha.

Kilichonichana ni mtoto kushika ncha tu. Hilo nilikuja kulijua mimba ya pili, hapa Mikindani, nilipokaa jamvini na jirani akinyonyesha wa kwake. Akaniambia, "Shoga, tazama kidevu." Mdomo wazi kama anapiga miayo, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi imeingia mdomoni, hasa ya chini. Mtoto akishika vibaya, jirani anapitisha kidole kidogo pembeni ya mdomo, anamwachisha, anaanza upya. Katafute mama anayenyonyesha ukatazame sasa, ungali na nafasi. Kama chuchu zako zimeingia ndani, mwonyeshe nesi kliniki, wala usikate tamaa: mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi.

Sasa la mama mkwe wangu, na hili ndilo kubwa. Wa kwanza nilijifungulia Newala, msimu wa korosho, watu wote shambani, nyumbani tumebaki mimi na yeye. Alipoona dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano mazito, akasema ni machafu, kamua umwage. Akaja na kikombe cha maji ya sukari na kijiko. Mimi nimeshonwa, nguvu za kubishana nazitoa wapi? Mtoto akashiba maji, akalala. Maziwa yalipojaa siku ya nne hakuna wa kuyanyonya, titi likawa gumu kama embe bichi, homa juu.

Kumbe dang'a ndiyo yenye kinga, na tumbo la kichanga ni dogo, matone yale yanamtosha. Anyonye ndani ya saa 1 tangu azaliwe, na miezi 6 hakuna maji wala uji.

Mimba ya pili sikubishana naye. Nilimpeleka kliniki, nesi akamweleza kwa heshima zote. Mtoto alipozaliwa, mama mkwe huyohuyo ndiye aliyekaa mlangoni kufukuza wenye vijiko.

Chupa usinunue kwa sasa. Ukihitaji kumpa maziwa uliyokamua, kikombe kidogo kinasafishika vizuri zaidi.

Na kwa kuwa umeajiriwa: sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inakupa likizo ya siku 84, au 100 ukipata mapacha, na ukirudi kazini unaruhusiwa kutoka kunyonyesha, hadi jumla ya saa 2 kwa siku. Taarifa hutakiwa miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, kwa hiyo kama hujaandika barua umeshachelewa, peleka kesho.

Shangazi naye usigombane naye. Mwambie akija akuletee ming'oko, vile viazi vya porini. Taulo abaki nalo.