Maswali ya Wasomaji: Usukani Unapokuwa Mzito

Barua tatu kati ya zilizotufikia zinahusu shida moja: magari ya familia yaliyokaa barabarani miaka mingi na ambayo pawa ya usukani, yaani mfumo unaokusaidia kugeuza usukani bila kutumia nguvu nyingi, imeanza kuyasumbua. Tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Nakusalimu, fundi wetu. Nina gari la familia la viti saba, la mwaka 2008, nililolinunua mwaka 2015 lilipofika kutoka Japani. Kwa miezi kadhaa sasa usukani huwa mzito asubuhi, na nikikata kona polepole au nikiegesha husikika sauti nyembamba inayopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Mafuta ya pawa hupungua, nami huongeza kila wiki. Juzi nikiteremka kutoka Limuru na watoto wakiwa nyuma, usukani uligoma kwa muda mfupi katikati ya kona, kisha ukarejea hali yake. Fundi mmoja anasema reki imekufa, wa pili anasema ni pampu, na wa tatu amenishauri nitie oili ya injini kwa kuwa ni nzito na haivuji upesi. Nimsikilize yupi? – Mama wa watoto watatu, Utawala

JIBU: Pole sana, mama, kwa hofu iliyokupata ukiwa na watoto garini. Naomba gari hilo lisitoke tena kwa safari hadi likaguliwe, kwa maana usukani uliogoma mara moja kwenye mteremko unaweza kugoma tena mahali pabaya zaidi. Kuhusu mafundi wako, hakuna hata mmoja aliyekuonyesha mafuta yanapitia wapi kutoka, na hilo ndilo lililopaswa kujulikana kabla ya kutajiwa bei ya kipuri chochote.

Kwa maelezo uliyotoa, gari lako lina pawa ya mafuta. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini huvuta mafuta kutoka kwenye kikopo kilicho chini ya boneti na kuyasukuma hadi kwenye reki, yaani kile chombo chenye fimbo inayosukuma magurudumu ya mbele yageuke, ambako vali iliyo mwishoni mwa shina la usukani (fimbo inayoteremka kutoka kwenye usukani) huyaelekeza upande ule unaogeuzia. Ukigeuza magurudumu hadi mwisho gari likiwa limesimama, presha hupanda na kupita pauni 1,000 kwa kila inchi ya mraba, yaani zaidi ya mara 30 ya ile unayojaziwa kwenye matairi. Mfumo wenyewe umefungwa kotekote. Mafuta yake hayaungui kama oili ya injini wala hayaishi kwa kutumika, kwa hiyo yakipungua ujue yamevuja. Kuongeza kila wiki kumekuwezesha kuendelea kuendesha, lakini tundu limebaki palepale.

Sauti unayoisikia kwa kawaida ni ya hewa iliyochanganyika na mafuta ndani ya pampu. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana yanaweza kusukuma reki. Hewa hubanwa, na pampu inapoivuta, msaada unaoupata mikononi huja na kukatika. Nina dhana kubwa kwamba hilo ndilo lililotokea Limuru: gari likiwa limeinama mbele na kulala upande kwa sababu ya kona, mafuta machache yaliyosalia yaliegemea ukuta mmoja wa kikopo, pampu ikavuta hewa, na ulipotoka kwenye kona mambo yakarudi sawa.

Kuna ukaguzi unaoweza kuufanya mwenyewe kabla ya kumwita yeyote. Tandaza katoni safi chini ya sehemu ya mbele ya gari usiku kucha, na asubuhi utazame tone limeangukia wapi. Fungua kifuniko cha kikopo kabla ya kuwasha injini: mafuta mazuri ya aina inayotumika kwenye magari mengi ya Japani ni mekundu na unaona ndani yake, lakini yakiwa ya kahawia iliyokolea na yana harufu ya kuungua, yamechoka na yamebeba chembechembe za mipira iliyolika. Kisha washa injini, mtu akugeuzie usukani polepole huku wewe ukitazama ndani ya kikopo. Ukiona povu, hewa inaingia mahali fulani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezewa pesa. Hewa inaweza kuingia bila tone hata moja kuanguka chini. Mpira unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu hauna presha, unavuta tu. Klampu yake ikilegea, au ile sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ndogo ya duara iliyo kwenye mdomo wa pampu ikikauka kwa joto la miaka mingi, pampu hunyonya hewa kupitia hapo na kulia kana kwamba imekufa. Vilevile vikopo vya magari mengi vina chujio laini ndani, chini kabisa, lisiloonekana kwa urahisi. Likizibwa na uchafu, pampu hukosa mafuta hata kama kikopo kimejaa, na gari hupelekwa kubadilishwa pampu ilhali lililohitajika lilikuwa kusafisha kikopo au kukibadilisha. Mwombe fundi aanzie hapo. Ni kazi ya muda mfupi, na vipuri vyake ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na reki.

Kwa upande wako, hata hivyo, mafuta yanapungua, kwa hiyo kuna mahali yanatoka. Gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya vishikizo imara, wala si jeki peke yake, tazama mipira miwili yenye mikunjo iliyo kwenye ncha mbili za reki. Ibonye kwa vidole. Mpira mzima huwa mkavu na mwepesi. Ukihisi kitu kizito kinachezacheza ndani, mwambie fundi alegeze klampu ya upande wa nje. Mafuta mekundu yakimiminika hapo, sili za reki zimekwisha, na yule fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli. Ikiwa ndani ni pakavu, rudini kwenye mpira wa presha unaotoka kwenye pampu, hasa pale mpira unapoungana na bomba la chuma. Uvujaji wa hapo usivumiliwe hata siku moja, kwa sababu mafuta hayo yakirukia ekzosi iliyopata moto yanaweza kuwaka.

Mpira wa presha usifungwe kwa klampu za kawaida wala kubadilishwa na mpira wa gesi au wa maji, kama ninavyoona mara kwa mara. Upeleke kwa wanaotengeneza mipira ya haidroliki, ambao wako Industrial Area, Nairobi, wakukatie mpya wa kipimo kilekile na kuubana kwa mashine.

Ikiwa ni reki, utaambiwa uchague kati ya kubadilisha sili na kununua ya mtumba Barabara ya Kirinyaga, jijini humo. Ukichagua mtumba, usilipe kabla mipira ya pembeni haijavutwa nyuma ukaona fimbo ya ndani. Fimbo inayong'aa na kuteleza ni nzuri. Yenye vijishimo vya kutu itakata sili mpya baada ya muda mfupi, hata iwe imesuguliwa na kupakwa grisi ikapendeza. Kanuni hiyohiyo inahusu reki yako kama utaamua kuifufua. Jambo jingine ambalo mafundi wenye haraka hulisahau ni kuufunga usukani usizunguke kabla ya kutenganisha shina na reki. Nyuma ya usukani kuna utepe wa nyaya unaopeleka umeme kwenye honi na eabegi (mfuko wa hewa unaomkinga dereva katika ajali), na usukani ukizungushwa ovyo utepe huo hukatika. Unachukua gari lako likiwa na usukani mwepesi, lakini honi hailii na taa ya eabegi haizimiki. Kuupitisha mkanda wa kiti kwenye usukani na kuufunga kunatosha kuzuia hasara hiyo. Kazi ikiisha, gari liende alainimenti, yaani kupangwa upya mielekeo ya magurudumu, siku hiyohiyo.

Ushauri wa oili ya injini uukatae kabisa. Soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha kikopo na kwenye kitabu cha gari. Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yenye pawa ya mafuta hutumia mafuta ya gia ya otomatiki ya daraja la Dexron. Honda ina mafuta yake maalumu, na magari mengi ya Ulaya hutumia ya kijani ambayo hayachanganywi na mekundu. Mafuta ya breki ni hatari kuliko yote hapa, maana huvimbisha na kulainisha sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zile chupa zinazouzwa kwa ahadi ya kuziba uvujaji nazo huvimbisha mpira kwa muda. Zinaweza kukufikisha nyumbani, ila mimi sizihesabu kuwa matengenezo.

Na kama usukani utagoma tena ukiwa mwendoni, jua kwamba magurudumu bado yameunganishwa na mikono yako kwa chuma. Gari litageuka, ila litadai nguvu nyingi, hasa mwendo unapopungua. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, toka barabarani, na usizime injini gari likiwa bado linatembea, kwa sababu utapoteza pia msaada wa breki, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho unaweza kuufunga usukani. Ukishasimama, tazama dashibodi. Taa ya betri ikiwaka pamoja na uzito wa usukani, huenda mkanda umekatika, na katika magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha altaneta (mtambo unaochaji betri) na pampu ya maji. Hapo zima injini mara moja, la sivyo itachemka.

SWALI: Ndugu fundi, gari langu ni la mwaka 2009 na fundi ameniambia halina mafuta ya pawa, linatumia umeme. Kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, mvua ikinyesha na taa na waipa zikifanya kazi, taa ya usukani huwaka na usukani ukawa mgumu. Nikizima gari na kuliwasha baada ya nusu saa, shida huwa imeisha. Nimeambiwa ninunue shina zima la usukani. – Msomaji, Kasarani

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Kipindi hicho ndicho watengenezaji wengi walikuwa wakihama kutoka mafuta kwenda umeme: Nissan X-Trail ya toleo la T30 ilikuwa na pawa ya mafuta, na ile ya T31 iliyoifuata mwaka 2007 ikaja na ya umeme, Toyota RAV4 nayo ilibadilika ilipoingia kizazi cha tatu. Katika mfumo huu mota hukusaidia kugeuza, sensa hupima nguvu ya mikono yako, na kompyuta huamua msaada uwe kiasi gani. Mota hiyo inaweza kula makumi ya ampea unapogeuza gari lililosimama, na umeme ukipungua, kompyuta huizima ili kulinda mfumo.

Ulivyoeleza mwenyewe ni kama umeitaja sababu: injini inazunguka polepole, taa na waipa zinakula umeme, na hapo ndipo msaada unapokatika. Betri ipimwe ikiwa imepumzika, isomeke karibu volti 12.6, kisha ipimwe injini ikinguruma na taa zote zikiwa zimewashwa; ikishuka chini ya volti 13 na kidogo, altaneta au mkanda wake uangaliwe. Mafundi wakague pia nyaya za ethi zinazounganisha betri na bodi, kwa sababu kutu ya pale huzuia umeme mwingi kupita hata kama betri ni mpya. Ukumbuke vilevile kwamba mota ikichoka kwa kugeuzwa huku na huku kwenye maegesho finyu hupata joto na kompyuta hupunguza msaada hadi ipoe, jambo ambalo peke yake si ubovu.

Umeme ukionekana mzuri ndipo hitilafu zisomwe kwa mashine, nawe udai kuandikiwa namba za hitilafu zenyewe. Sensa inaweza kweli kuharibika: nchini Marekani, mwaka 2014 Ford iliagiza magari ya Escape ya miaka ya 2008 hadi 2011 yarudishwe kwa sababu ya kupoteza pawa ya umeme, na kulingana na hali ya gari, mengine yalisahihishwa programu tu, mengine yakabadilishwa sensa au shina zima. Utaona basi kwamba hata pale tatizo lilipokuwa la kiwandani, shina zima halikuwa jibu la kila gari. Ikiwa lako lilitoka Japani, tafuta namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji wa huko, kwa kuwa kampuni kubwa za magari za Japani huruhusu mtu kutazama kama gari lina wito wa kurudishwa ambao haujashughulikiwa.

SWALI: Nimebadilisha pampu, nikabadilisha reki, na usukani bado ni mzito. Tena nikitoka kwenye kona haurudi wenyewe katikati. Nimebakisha nini? – Msomaji, Donholm

JIBU: Usukani usiorudi katikati, bwana, mara nyingi haulalamikii pawa. Anza na presha ya matairi ya mbele, na utazame kama umeweka matairi mapana kuliko yale ya gari hilo. Kisha magurudumu ya mbele yainuliwe, injini ikiwa imezimwa, na usukani ugeuzwe taratibu kwa mkono. Ukikwama mahali fulani katika kila mzunguko, viungo vya msalaba vya shina la usukani vimeshika kutu, jambo la kawaida kwa magari yanayooshwa mara kwa mara kwa maji ya presha chini ya boneti. Kama haukwami popote bali ni mzito mwanzo hadi mwisho, mafundi watenganishe tai rodi (fimbo inayounganisha reki na gurudumu) na gurudumu moja baada ya jingine, halafu wageuze gurudumu lenyewe kwa mkono: bol-jointi (kiungo cha duara kinacholiwezesha gurudumu kugeuka) iliyokauka au beringi iliyo juu ya shokabsoba itajulikana papo hapo, kwa sababu upande mmoja utakataa kugeuka huku mwingine ukigeuka vizuri.