Maswali yenu: Barolo ya zamani na kabati la jikoni

*Shemeji yangu wa Torino ameniletea Barolo ya 2010. Nimeisimamisha juu ya kabati la jikoni, nangoja sherehe. Miaka yote hiyo, si itakuwa imeshaharibika? (Msomaji, Mombasa)*

Miaka hainitii shaka. Kabati ndilo linalonitia. Barolo ni mvinyo mwekundu wa zabibu za aina moja tu, nebbiolo, zinazolimwa kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Zabibu hizo zina uchachu mwingi na tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokukaza ulimi kama uliyeuma ndizi mbichi. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoulinda mvinyo usichakae upesi. Miaka inavyokwenda, tanini hushikana, nyingine zikazama chini, na ukakasi ukalainika. Halafu 2010 ulikuwa mwaka mwema sana kule. Chupa yake iliyotunzwa vizuri bado ina nguvu.

Sasa, vizuri ni vipi? Gizani, bila kutikiswa, imelazwa ili kizibo kisikauke, kwenye nyuzi joto 12 hadi 14. Jiko la Mombasa lina nyuzi 30 na zaidi, tena kuna sufuria inachemka pale chini. Hapo mvinyo hauzeeki, unapikwa. Ishushe leo hii, ilaze kwenye droo ya chini ya friji, na hiyo sherehe ifanyeni mapema.

*Kwa nini wenyewe wanakaa nao muda mrefu hivyo kabla ya kuuza? (Msomaji, Kigali)*

Sheria inawataka. Barolo lazima ikae miezi 38, kuhesabu kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo 18 iwe kwenye pipa la mti. Ikiitwa Riserva, miezi 62. Kwa hiyo zabibu za 2010 hazikuonekana dukani kama Barolo kabla ya 2014. Mkulima kalipa vibarua, kanunua chupa, kisha anakaa kuangalia mapipa.

*Kila lebo inajisifu kuwa ni ya familia. Kuna tofauti au ni biashara tu? (Msomaji, Nairobi)*

Mara nyingi ni biashara tu. Neno familia halimgharimu mtu kitu. Lakini pale Barolo, kijiji kilichoupa mvinyo jina, kuna nyumba ya Bartolo Mascarello, ina kama hekta 5 za mizabibu. Bartolo alirithi kwa baba yake Giulio, na alipofariki 2005 binti yake Maria Teresa akaendelea. Wao huchanganya zabibu za mashamba yao yote, Cannubi, San Lorenzo, Rué na Rocche, wakatoa Barolo moja, wakati majirani wengi wanatenga kila shamba na chupa yake ili wauze ghali. Mapipa yao ni makubwa ya kizamani. Miaka ile vijana walipoanza kuleta barrique, vipipa vya lita 225 vinavyoupa mvinyo ladha ya mbao, mzee alichora lebo kwa mkono wake: hapana barrique, hapana Berlusconi, yule mwanasiasa tajiri wa Italia. Siasa na mbao, vyote kavikataa kwa mstari mmoja!

Msidhani familia daima ni utulivu, ingawa. Katika La Morra, kijiji cha jirani, Elio Altare aliingia ghalani mwaka 1983 na msumeno wa injini, akayakatakata mapipa ya baba yake ili alete hivyo vipipa vidogo. Baba akamnyima urithi. Mvinyo wa mwana ulikuja kusifiwa dunia nzima, na leo wengi wamerudia mapipa makubwa. Mimi niko upande wa mzee Bartolo, ila nikiletewa ya Altare siirudishi.

*Nimefungua chupa ya zamani nikakuta uchafu mweusi chini. Nidai hela zangu? (Msomaji, Muscat)*

Usidai. Hayo ni mashapo, zile tanini na rangi zilizozama. Hayadhuru, ila ni machungu na yanakwaruza kama unga wa kahawa. Siku moja kabla isimamishe chupa ili yatulie. Siku yenyewe mimina polepole kwenye jagi la kioo, mkono usitetemeke, tochi ya simu ikiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi unakaribia shingo, acha hapo hapo.

Na kizibo cha zamani kifungue taratibu. Mimi yangu ya kwanza niliivuta kwa pupa, nusu ikabaki ndani, nikaishia kuchuja Barolo kwa chujio la chai mbele ya wakwe. Wakanyamaza kwa heshima.

*Inakwenda na pilau? (Msomaji, Tanga)*

Kwa nyama ya mbuzi, ndiyo. Pilipili iwe kidogo, kwani huukuza ukakasi.

*Nalima zabibu Dodoma. Nikiufungia mvinyo wangu miaka 15, utafika huko? (Msomaji, Dodoma)*

Mvinyo mwingi duniani, hata wa Italia, umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Nebbiolo huiva kwa kuchelewa, Oktoba, ukungu ukiwa umetanda mabondeni, na baridi ikija mzabibu unalala. Wako unavunwa mara mbili kwa mwaka, haulali hivyo. Ni mmea wenye maisha mengine. Usinisikilize mimi lakini: tenga chupa 6 za mavuno mamoja, mahali pa baridi, fungua moja kila mwaka na uandike ulichoonja. Utakapoanza kunusa siki, umepata jibu.

*Nimeona chupa ya Barolo Chinato. Ni ya China? (Msomaji, Bukavu)*

Tamka kinato. Ni Barolo iliyolowekwa gome la mkwinini na viungo, kisha ikatiwa sukari. Aliyeivumisha ni mfamasia wa Serralunga d'Alba, Giuseppe Cappellano, mwishoni mwa karne ya 19. Mkwinini nyinyi wa Kivu mnaujua kuliko mimi, mmeulima. Ni chungu na tamu kwa pamoja. Ilianza kama dawa, siku hizi wanainywa baada ya chakula, na kipande cha chokoleti nyeusi.