Siku ya pili ya GR 65, njia ndefu ya kutembea kwa miguu nchini Ufaransa: Saint-Privat-d'Allier hadi Saugues

Ndugu, umeuliza kama siku hii itakushinda miguu. Ni kilomita 19 hivi tu. Kazi iko kwenye mteremko wa kuingia kijiji cha Monistrol-d'Allier. Mawe huteleza yakilowa, na vidole hugonga ncha ya kiatu mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Kabla ya kushuka, kaza kamba za kiatu kwenye kifundo cha mguu ili mguu usisogee mbele.

Jaza maji Monistrol, lita moja na nusu, kwa sababu ukishavuka mto Allier mlima unaanza papo hapo, mkali kweli, kupitia kanisa dogo la Madeleine lililo pangoni. Ukihisi ngozi inaunguza kisiginoni, simama ubandike plasta, usingoje lengelenge.

Alama za njia, nyeupe na nyekundu, zikikatizana kama X, umepotea. Rudi.