Una laki moja na unataka kuanza mitumba? Usianze na belo

Wadogo zangu wengi mnaniuliza swali hilohilo, kaka nina laki moja nianze biashara gani, na mimi jibu langu halijawahi kubadilika, mitumba ya kutandaza chini kwenye minada na magulio inatosha kabisa kuanzia, ila nakuomba usikimbilie kufungua belo, lile furushi kubwa la mitumba lililofungwa kamba unalonunua bila kuona ndani.

Belo ni bahati nasibu, asikudanganye mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilichanga na mshkaji wangu tukabeba belo la kilo 45, kwa nje limeandikwa nguo za watoto mchanganyiko, muuzaji anatuapia kwamba mali ni grade A, basi tukalikata kamba sebuleni kwao na mama yake kaja kabisa kushuhudia. Ndani masweta. Masweta ya sufu, mazito, mengine yana kofia na vifundo shingoni, ya watoto wanaocheza kwenye barafu huko, na sisi tuko Dar mwezi wa pili joto hata shuka hujifuniki. Tukarudi kwa jamaa akatucheka tu, belo likishakatwa kamba ni lako.

Kwa hiyo anza kwa kuokota pisi moja moja. Pale soko la Karume, Ilala, uwe umefika alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri maana wenye mabelo wanafungua mapema, anainua nguo juu anataja bei, buku mbili, buku tatu, mwenye mkono wa haraka ndo anabeba. Ukija saa tatu ushachelewa, vizuri vyote vimeshaondoka umebakiziwa madekio. Nenda na tochi ya simu iliyojaa chaji, na pesa iwe chenji chenji, ukitoa noti ya elfu kumi wakati mwenzako ameshanyoosha buku mbili yake mkononi hiyo nguo umeikosa.

Sasa kushika nguo. Usianze na lebo, lebo ndo inayowaponza wageni, anaona jina kubwa anachanganyikiwa. Anza na kwapa. Halafu geuza kola kwa ndani, ukiona ule mstari wa njano achana nayo, hautoki hata kwa jiki na mteja atauona tu. Zipu pandisha shusha mara mbili. Suruali ya jinzi inyanyue ielekee kwenye mwanga, pale mapajani kwa ndani ndo panaanza kuisha. Kifungo kikikosekana wala usihuzunike, fundi anakuwekea kwa hela ndogo tu na hapohapo una sababu ya kuomba upunguziwe. Nguo za ndani usiguse kabisa, mtumba wake umepigwa marufuku, utanyang'anywa mzigo bure.

Halafu fua na upige pasi. Watu wanaona uvivu ila mimi shati la buku mbili nikilitundika kwenye henga limenyooka nauza sita, hilohilo likiwa kwenye lundo watu wanalikanyaga utaambiwa jero. Na uchague kitu kimoja, mashati ya ofisini au magauni au viatu vya watoto, watu wakuzoee, wakuite kwa mali yako.

Minada ya mikoani ina siku zake, mfano Msalato pale Dodoma ni Jumamosi, kwa hiyo unaweza kuzunguka wiki nzima bila kulipa fremu. Ila piga hesabu kabla hujapanda basi: nauli yako, nauli ya kiroba, ushuru, turubai, na kula. Tena kula ndo kunamaliza watu, mnada wote unanukia nyama choma, pesa unayo mfukoni, jua linazama unahesabu unakuta mtaji umeutafuna na pilipili. Mimi nilishona mfuko wa pili kwa ndani, mtaji ukiingia humo hautoki mpaka Karume. Januari usijaze mzigo, watu wana ada. Vijijini subiri watu wavune na wauze mazao, hapo hata mzee anachagua bila kuuliza bei mara mbili.

Na mzigo wote usiulaze kibandani. Karume iliungua Januari 2022, usiku, na kuna watu asubuhi walikuta majivu tu ya kila walichokuwa nacho. Gawanya, nusu ilale nyumbani hata kama mke analalamika chumba kinanuka mtumba.

Yale masweta, kama mnataka kujua, tulikaa nayo mpaka mwezi wa tano, tukamtupia jamaa mmoja anayepeleka mzigo Njombe, buku buku, tukashukuru Mungu. Tukakutana naye Agosti akatuuliza kama tunayo mengine, maana kule na ile baridi yao alikuwa anauza elfu tano na hayakumaliza hata siku mbili.